Hogo la Unga wa Muhogo

Jumapili, 6 Julai

Baraka ya mwisho haijapoa, katekista Apolinari katangaza. Kwaya nzima, wazee wa kanisa, akina mama, wote tuelekee kwa ndugu yetu Masunga kumpa pole. Katoka hospitali huko Mbeya. Kafanyiwa operesheni ya kifundo cha mguu. Kawekewa vyuma!

Watu walivyoguna, utadhani kawekewa dhahabu.

Nimeenda. Nisingeenda wangesema fundi Ladislas ana roho mbaya. Nimebeba ndizi, zile ndogo. Nimemkuta dalali huyo wa ng'ombe kaegemea kiti uani, mbele yake stuli, juu ya stuli mto, juu ya mto mguu wa kushoto uliofungwa hogo jeupe mpaka karibu na goti. Ndivyo tunavyoiita hiyo plasta ngumu hapa Mpanda, hogo. Wengine wanasema muhogo kabisa. Watu wanaligusa taratibu kama wanamgusa mtoto mchanga. Dada yake, Minza, anapokea zawadi mlangoni na kuzitangaza kwa sauti. Kuku wa fulani! Asali ya fulani! Ndizi zangu hakuzitangaza.

Halafu kaingia Vestina na supu ya kongoro.

Vestina wangu! Sawa, bado si wangu. Mwezi wa tano nilimwambia nataka kumuoa. Yeye mjane, mimi mjane, wote kwetu Katumba, na kibanda chake cha uji kinatazamana na kibanda changu cha viatu. Hakukataa. Aliniuliza swali moja tu: huo mguu wa kulia unaochechemea, unauma? Nikasema hauumi hata chembe. Akaniangalia, akasema atanijibu. Mpaka leo hajanijibu. Mimi kwake sijawahi kuonja hata ukoko wa sufuria, na huyu anapelekewa kongoro mpaka mdomoni!

Masunga kanywa, kafumba macho, kasema anasikia mfupa unaunga. Wote wakasema amina. Nimeondoka nikichechemea kuliko kawaida. Hakuna aliyenitazama.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, sikukuu. Sijafungua kibanda. Nimerudi kwa Masunga kusikiliza.

Jana alisema alivunjika akimkimbia nyoka huko Ugalla alikofuata ng'ombe. Leo nyoka kawa nyati. Ikifika Nanenane atakuwa simba, mniambie.

Mimi ukweli naujua. Masunga hakufukuzwa hata na kuku. Alikuwa anashuka ngazi za ofisi ya kata, soli ya kiatu ikabanduka, kifundo kikageuka, kat! Kile kiatu nimekiona leo chini ya kiti chake, kimeachama mdomo. Na ile soli naijua. Niliigundisha mimi.

Kwa hiyo ukweli siwezi kuusema, kwa sababu ukweli una gundi yangu. Imenibidi nitikise kichwa na wenzangu na kusema nyati ni mnyama mbaya sana.

Inaniuma kweli. Kumvunja nimemvunja mimi, sifa anachukua yeye!

Jumatano, 9 Julai

Gari la matangazo limepita sokoni. Madaktari bingwa wa mifupa wanakuja hospitali wiki ijayo, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mwenye nyayo zilizopinda, mwenye vidole vilivyopandana, mwenye kifundo kilichovunjika kikaunga vibaya, aje. Nilihisi ile spika inaniangalia mimi.

Vestina kaacha sufuria motoni, kavuka barabara, kasimama mbele yangu na mwiko mkononi. Kasema twende, atanisindikiza. Kauliza tena kama unauma. Nikasema, mama, huu mguu unacheza mpira.

Wewe daftari nakwambia wewe peke yako: unauma. Unauma tangu mwaka jana nilipotumbukia mtaroni. Badala ya kwenda hospitali nilikwenda kukandwa kwa mzee mmoja, mafuta na majani, mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Asubuhi nikishuka kitandani nakanyaga kama kuku aliyefungwa kamba. Lakini kisu! Mimi nashika kisu kila siku. Najua kinavyofanya kwenye ngozi. Tena ngozi yangu mimi inalalamika, ya kiatu imenyamaza.

Vestina kasema hao bingwa wakiondoka, wengine ni wa kufuata Mbeya, na huo mguu utaniweka chini kabisa. Kisha kachukua chupa ya chai. Nikajua ni yangu. Kapita nayo moja kwa moja mpaka kwa Masunga.

Jumatatu, 14 Julai

Akili imenijia. Nitakwenda hospitali peke yangu, nitapata hogo, nitakwepa kisu. Kwani lazima vyote viwili?

Nimekwenda. Nesi Jeniffer kanipokea vizuri. Nimepigwa eksirei. Bingwa kainyanyua picha kwenye mwanga, kaita wenzake. Wote wakaitazama! Nikajisikia mtu. Kasema mfupa umeunga kombo, itabidi waukate, waunyooshe na kuufunga vyuma. Kesho asubuhi.

Waukate! Kwa upole nikamwomba anifungie hogo tu, jeupe, kama la Masunga, nirudi zangu. Bingwa kasema hogo halifungwi kwa kuombwa, na kufunga mfupa uliopinda ni kuhifadhi kosa. Nikasema nimeelewa. Nikamwomba nesi Jeniffer nikajisaidie kidogo.

Nimejisaidia nyumbani kwangu, Shanwe.

Jumanne, 15 Julai

Nimelala nikiwaza. Asubuhi macho yakaangukia gunia la unga alionitumia dada yangu Lidia kutoka Katumba. Unga wa muhogo. Mweupe pee!

Jina halitoki hewani. Kwa nini watu wanaliita muhogo? Kwa sababu limetengenezwa kwa muhogo! Madaktari wametuficha siku zote hizi, wakati sisi ndio tunaolima.

Nimepika gundi nzito sufuriani. Nimechana shuka, nimelowesha vipande, nimejizungushia. Mimi ni fundi bwana, kazi ya kubandika naijua, na Masunga asiniletee habari za soli. Nimeanza na mguu wa kulia lakini haufungiki, umevimba, ukibanwa naona nyota. Basi nimefunga wa kushoto, mzima, mtulivu. Hogo ni hogo.

Nimekaa uani jua linikaushe. Kuku wa jirani wamekuja wakanizunguka. Nimewatupia kandambili. Jioni limekauka, gumu, jeupe kuliko la Masunga. Lake lina madoa ya supu.

Jumatano, 16 Julai

Siku kubwa!

Nimejikongoja mpaka sokoni kwa fimbo. Nimetangaza kwamba bingwa kanifanyia operesheni jana, ya haraka sana, maana hali ilikuwa mbaya sana. Habari imekimbia kuliko bodaboda. Mchana uani kwangu hapana pa kukaa. Akina mama wa kwaya wameleta mchele. Mmoja kaleta kuku! Katekista Apolinari kasema kesho watarudi na kanisa zima kuniombea. Hakuna wa kutangaza zawadi, kwa hiyo nimezitangaza mwenyewe.

Wakauliza nilivunjikaje. Nikasema tembo.

Masunga naye kaja, na magongo yake ya hospitali yanayong'aa. Kasema pole fundi, sasa tuko jahazi moja. Kagonga hogo lake kwa kifundo cha kidole, likalia ko-ko. Kagonga langu, likalia pu. Kasema labda bado bichi. Nikamwambia la kwangu ni la kisasa, halina kelele.

Mwisho kaja Vestina. Na bakuli. Kongoro! Nilikuwa tayari kulia. Lakini hakunipa. Kasimama, kautazama mguu wa kushoto, kautazama wa kulia, karudi wa kushoto. Kauliza mbona nilikuwa nachechemea wa kulia. Nikamjibu kwamba ugonjwa ulihama.

Kaweka bakuli mbali nami kidogo, kaondoka. Supu ilikuwa tamu lakini sikuimaliza. Nilitaka aseme lolote, hata anitukane.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika kwa tabu. Sitaki kuandika. Nitaandika.

Asubuhi hogo lilianza kunuka. Joto la mguu limelichachusha. Ndani kunawasha, sisimizi wameingia kwa mstari na kutoka na mizigo. Sikuweza kulifungua, wageni walikuwa wameshafika. Benchi zimejaa. Masunga kakaa mbele na hogo lake, kama mzee wa mila. Vestina kasimama nyuma, kakunja mikono. Minza kaingia akiswaga mbuzi wake kutoka barabarani, kanusa, kauliza nani kaanika udaga, muhogo uliovundikwa, humu ndani. Nikajifanya sijasikia.

Katekista kasema tusimame, mgonjwa abaki kakaa, tufumbe macho. Kaanza kuomba. Kwa unyenyekevu mkubwa nikafumba.

Nikasikia kitu cha uvuguvugu kwenye kidole gumba. Nikadhani ni roho. Nikafumbua jicho moja. Ni mbuzi jike wa Minza! Kalamba. Kalamba tena. Kavuta kipande, kakitafuna, kanitazama machoni, kavuta kingine. Wa pili kaja. Wa tatu kaja na wanawe. Nikawafukuza kwa fimbo chini chini. Katekista akazidi kupandisha sauti, na mbuzi wakazidi kula. Kipande kirefu cha shuka kikafunguka, jike akakimbia nacho, mguu wangu nao ukamfuata!

Nilipiga kelele. Kanisa zima likafumbua macho. Na wakauona mguu wa kushoto, mwembamba, msafi, hauna hata mkwaruzo, una uji.

Kicheko! Watu waligaragara. Minza kasema hajawahi kuona mbuzi wakiombewa wakashiba papo hapo. Masunga alicheka mpaka akaangusha magongo. Nikasimama nikimbie. Nilisahau mguu wa kulia. Nikaukanyaga kwa nguvu zote, ukageuka, nikasikia kitu kikisema kra. Nikaanguka kifudifudi kwenye mchele wa zawadi.

Sikulia kwa ajili ya watu. Nililia kwa sababu uliniuma. Vestina ndiye aliyepiga magoti. Kavuta soksi ya kulia, kaona kifundo kilivyovimba, kageuka, kawaambia nyie nyamazeni. Wakanyamaza. Katekista kasema taratibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Bora kifo, kina heshima. Mimi kaniumbua mbuzi.

Ijumaa, 18 Julai

Vestina kaja na bajaji alfajiri. Hakunisalimia. Kaniambia panda.

Siku ya mwisho ya bingwa. Korido imejaa watu. Nesi Jeniffer kaniona, kaniuliza kama nimemaliza kujisaidia. Nikasema nimemaliza. Katikisa kichwa, kanisafisha uji uliobaki kwenye vidole, kaniandalia. Bingwa kasema nina bahati, ni mtu wa mwisho.

Niliogopa. Nasema waziwazi, niliogopa mpaka meno yakagongana. Vestina kashika mkono wangu mpaka mlango wa chumba cha operesheni. Sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikawa ya mtu mwingine. Wameweka kitambaa mbele nisione. Lakini masikio nilikuwa nayo. Nyundo! Msumeno! Kitu kinazunguka dzzz! Nikatulia. Nikajisikia niko kazini. Nikasema fundi, usibane sana upande wa ndani, kiatu kitavutika. Wakacheka huko nyuma ya kitambaa.

Jumapili, 20 Julai

Wodini. Mguu wa kulia, hogo la kweli, gumu. Nimeligonga. Ko-ko!

Bingwa, aliyebaki kutuangalia sisi wa mwisho, kapita kuaga. Nikamuuliza kaniwekea skrubu ngapi. Nne. Nne! Masunga anazo sita. Nikamwomba aongeze mbili, hata ndogo. Kasema mfupa hauhitaji. Nikasema mfupa hauhitaji lakini mimi nahitaji. Kaandika kitu kwenye faili, kaondoka.

Masunga kamtuma Minza na kongoro. Hata wema kanitangulia! Nimeinywa yote kwa hasira.

Vestina kabaki wengine walipoondoka. Kaongea polepole, hakugomba, ningependa angegomba. Kasema mume wake wa kwanza alikuwa anasema tumbo haliumi. Alisema haliumi mpaka siku ya kumzika. Ndiyo maana aliniuliza habari za mguu kabla ya mambo mengine yote. Hatafuti mtu mwenye miguu miwili mizuri. Anatafuta mtu akiulizwa panauma, aseme panauma. Kasema nikianza kukanyaga, nije kwake kwa miguu yangu mwenyewe Jumapili moja, nile mezani kwake. Hiyo siku ataniuliza swali moja. Nikimjibu kweli, naye atanijibu.

Nimetingisha kichwa. Nimeelewa vizuri sana. Anapenda wagonjwa.

Ijumaa, 29 Agosti

Hogo limetolewa. Ile mashine ya kukatia inalia kama pikipiki ya mwizi, lakini haiumi. Ndani mguu mwembamba, mweupe kwa ngozi iliyokufa, lakini umenyooka. Umenyooka! Nesi Jeniffer kanifundisha mazoezi, nikanyage kidogo kidogo na fimbo.

Niliomba kubaki na hogo langu kama kumbukumbu. Nimepita nalo kwa Masunga kumwonyesha. Nimemkuta anatwanga kisigino chini, anacheza, watu wanampigia makofi. Nimerudi nalo nyumbani.

Jumapili, 14 Septemba

Leo ndiyo siku ya Vestina. Baada ya ibada kapita karibu yangu kasema chini chini kwamba kongoro iko jikoni tangu asubuhi.

Lakini ibada ile ile, katekista Apolinari kamsimamisha Masunga. Kafungwa bendeji jichoni! Nyuki wamemuuma huko Ugalla. Alipotoka nje alisema mzinga mzima ulimwangukia. Watu tayari wanapanga kumpelekea uji. Na Vestina, kwa macho yangu mwenyewe nimemwona, kamshika kidevu, kamgeuzia uso kwenye mwanga, kasema pole, pole sana. Pole mbili!

Nimekwenda nyumbani kubadilisha shati. Nilikuwa na bendeji imebaki ya hospitali. Nimeifunga jicho la kushoto. Sikutumia unga. Mtu hujifunza.

Nimetembea kwa miguu yangu mpaka kwake. Fimbo moja. Mguu haukuuma hata kidogo, na safari hii si uongo. Vestina alikuwa mlangoni, kavaa kitenge kipya, kasuka nywele. Nyuma yake meza, kitambaa, bakuli limefunikwa. Kautazama mguu nikikanyaga, katabasamu mpaka nikasahau fimbo. Halafu kautazama uso wangu. Tabasamu likaondoka.

Kaniuliza swali moja tu. Hilo jicho linauma?

Nikasema linauma sana.

Macho yake ndiyo yalikuwa na machozi, yangu yote mawili makavu. Minza alikuwa anapita na mbuzi wake. Vestina kamwita, kachukua lile bakuli mezani, kampa, kamwambia ampelekee kaka yake, yeye angalau nyuki walimuuma. Kisha kaingia ndani, kafunga mlango. Nimegonga. Hakufungua.

Nimerudi nyumbani, nimekaa, nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Masunga jicho moja, mimi jicho moja. Sasa kwa nini mtu aniite mimi nile, amwache yeye? Kesho nafunga yote mawili.